Usimuulize mzee ana ng'ombe wangapi

Rekodi ya kwanza niliyomchukua babu yangu ina dakika kumi na tisa, na zaidi ya nusu ni sauti yangu mimi. Nilikuwa nimetoka Mwanza na daftari la maswali arobaini, yamepangwa kwa namba kama mtihani wa darasa la saba. Nikamketisha sebuleni kwa mjomba, kwenye kochi ambalo siku zote hulikwepa, nikamwekea simu mezani karibu na pua, nikasema: "Babu, tunaomba utueleze historia ya maisha yako."

Nilisema kwa Kiswahili. Sijui nini kilinituma. Tangu nijue kuongea, mimi na babu ni Kisukuma tu.

Mzee akavua kofia, akakohoa, akataja jina lake, la baba yake, kijiji, kata na tarafa. Kisha akanyamaza kama mtu anayesubiri kugongewa mhuri. Nikauliza, "Zamani mlikuwa na ng'ombe wangapi?" Akanitazama. "Walikuwepo wachache." Maswali yaliyobaki yakajibiwa kwa ndiyo, hapana, na "hayo wakubwa ndio wanajua". Nilirudi Mwanza nikiwaambia ndugu zangu kwamba kumbukumbu ya mzee imekwisha, tumechelewa.

Naandika haya kwa sababu kila Desemba, watu wakishapanda mabasi kwenda kwao, naona wengi wanapanga kufanya kile kile nilichofanya mimi. Mna nia njema, mna simu nzuri, na mtarudi na dakika kumi na tisa.

Tuanze na hilo la idadi. Usukumani anayekuuliza una ng'ombe wangapi anataka kodi, anataka kuiba, au hakufundwa kwao. Na lina mizizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1947, Waingereza walileta mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ulikuwa na malambo ya maji na kilimo cha matuta, lakini ulikuwa pia na amri ya kupunguza mifugo: ng'ombe wahesabiwe, na sehemu yao wapelekwe mnadani, mwenyewe apende asipende. Babu wakati huo alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Alimwona baba yake akisimama mbele ya karani na kujibu, "Wapo wachache." Nilipomuuliza mimi, na simu yangu mezani na Kiswahili changu cha ofisini, nilipewa jibu la karani. Leo naihesabu ile sentensi moja kuwa kitu cha thamani kuliko vyote kwenye ile rekodi, ila ilibidi nije nijue mengine ndipo niisikie.

Mengine nilikuja kuyajua kwa ajali. Mwaka uliofuata nilikwenda bila daftari. Jioni moja ng'ombe walikuwa wanaingia, vumbi limetanda juu ya ua wa minyara, babu ameegemea fimbo yake mlangoni mwa zizi akiwapitisha mmoja mmoja kwa macho. Hahesabu, anawatambua. Nikamuuliza kwa lugha yetu, bila hata kufikiri, mbona yule mwekundu mwenye paji jeupe lazima atangulie wenzake.

"Huyo hawezi kukaa nyuma," akasema. "Nyanya yake naye alikuwa hivyo hivyo."

Nyanya yake na yule ng'ombe, ikatokea, ni uzao wa mtamba aliyekuja kwenye mahari ya shangazi yetu mkubwa, aliyeolewa Meatu mwaka mmoja baada ya Uhuru. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakaambiwa wahamie kwenye kijiji kilichopangwa, nyumba zikaachwa, na huko kwa kuhamia hapakuwa na malisho ya kundi zima. Basi babu akaenda kuwaweka ng'ombe sita kwa rafiki yake, kama desturi ilivyo: wewe unakunywa maziwa, unatumia samadi, ng'ombe wanabaki wangu. Rafiki akafa. Wanawe wakasema hawajui ng'ombe wa mtu yeyote. Kesi ikakaa kwa wazee siku mbili chini ya mti, na kilichowashinda wale vijana ni alama za masikio, kwa sababu kila ukoo una mkato wake. Akarudishiwa mtamba mmoja tu. Huyo mwekundu ni kitukuu chake.

Nusu saa nzima. Mahari, Uhuru, Operesheni, sheria za kuwekeana mifugo, namna wazee walivyoamua kesi. Na simu ilikuwa mfukoni, imezimwa kutunza chaji.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo tu, na mengine yote ni nyongeza: usiulize historia. Uliza kitu kinachoonekana. Uliza ng'ombe, mmoja mmoja. Uliza ule mkato wa sikio, kibuyu kilichoning'inia, kovu la mguuni, mti uliobaki peke yake katikati ya shamba. Mzee wa mifugo hakupanga maisha yake kwa miaka, ameyapanga kwa ng'ombe: huyu alikuja na nani, yule alikwenda kwa nani, wale walikufa kiangazi gani. Ukilishika hilo, hutahitaji daftari.

Tembeeni pia. Mzee akikaa kwenye kiti anakuwa shahidi, akitembea anakuwa mwenyeji. Babu yangu hajawahi kunieleza jambo la maana kuhusu ngitili mpaka tulipofika kwenye ngitili yenyewe. Kwa msiotoka kwetu, ngitili ni eneo la majani linalofungwa wakati wa masika, hakuna kuchunga humo, ili kiangazi ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia wapate cha kula. Shinyanga ilikuwa karibu igeuke jangwa. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ilikatwa kwa amri ili kuua ndorobo, wale nzi wa malale, na babu yake babu alishika shoka katika kazi hiyo. Pamba nayo ikataka mashamba mapya, halafu Operesheni ikawatoa watu karibu na ngitili zao. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI, kilichofanya kazi vizuri kuliko mengi ni kurudi kwa wazee na kuuliza walikuwa wakifanyaje. Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati huo zilikuwa hekta mia sita hivi. Ndani ya miaka isiyofika ishirini zilipita hekta 300,000. Nikisikia mtu anasema masimulizi ya wazee ni ya kujifurahisha tu, huwa nafikiria hizo hekta.

Sasa mambo ya vifaa, na hapa nitapita haraka kwa sababu watu huyapenda kupita kiasi. Simu yako inatosha. Iweke hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya jambo. Upepo wa mbugani unaharibu kuliko kelele za ng'ombe, kwa hiyo ivalishe simu soksi safi. Usicheke, ndivyo ninavyofanya, na sauti inatoka safi. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, isigusane na meza. Kabla ya yote, sema kwa sauti: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, niko na fulani mtoto wa fulani, naye amekubali nirekodi. Na yeye mwenyewe asikike akikubali.

Halafu nakili siku hiyo hiyo. Nilikuwa na rekodi tatu za mjomba wa mama, mzee aliyefanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui enzi mwanzilishi wake, Williamson mwenyewe, yuko hai, kabla ya 1958, akanunulia mshahara wake ng'ombe. Zilikuwa kwenye memori kadi. Binamu yangu akaiazima, akaipeleka senta kwa kijana wa kuweka nyimbo, kijana akaona kadi imejaa, akaifuta, akaweka bongofleva mia mbili. Binamu alinirudishia kwa furaha kabisa. Yule mzee alikuwa ameshazikwa mwezi mmoja kabla. Tangu siku hiyo kila rekodi inakaa mahali patatu: kwenye simu, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini Mwanza, na kwa dada yangu aliyeko Dodoma. Jina la faili ni tarehe, mahali, jina la mzee. Siyo "babu mpya 2".

Tarehe zitakusumbua. Mzee hatakuambia 1978, atakuambia vita vya Amini. Tengeneza karatasi ya matukio yako: Mwadui, Uhuru, machifu kuondolewa mwaka 1963, Azimio la Arusha, Operesheni, vita vya Kagera, msiba wa Sokoine mwaka 1984, mvua za El Niño za 1997 na 1998, msiba wa Mwalimu. Ukiuliza "Ilikuwa kabla ya Operesheni au baada?", utapata jibu kwa sekunde moja. Ukiuliza "Mwaka gani?", atakukisia mwaka ili akuridhishe, na hiyo ni mbaya kuliko kutojua.

Andika kwa lugha aliyoongea, kwanza. Tafsiri ifuate baadaye. Mimi nilianza kuandika moja kwa moja kwa Kiswahili ili niokoe muda, na baada ya miezi nikagundua kwamba majani yote ya malisho, ambayo babu aliyataja kwa majina kumi na moja, kwenye daftari langu yameandikwa "majani".

La bibi nimelichelewesha, na ndilo nililojifunza polepole kuliko yote. Kwa muda mrefu nilidhani habari za ng'ombe ni za wanaume. Nilikuwa nakaa na babu, bibi anapita na sufuria, anatuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anaondoka. Siku moja nikamfuata jikoni nimsaidie kuchambua nsansa, majani ya kunde ya kukausha, nikaona kuwa yeye ndiye anajua ni ng'ombe gani alitoa maziwa kiangazi kile cha njaa, yalitoka vikombe vingapi, na ni mtoto gani alipewa na yupi aliambiwa asubiri. Babu hayo hayajui. Hakuwepo jikoni.

Lakini nilipomuuliza bibi dawa alizokuwa akimpa ndama anayeharisha, akafunga mdomo. Nikasisitiza, naona aibu kusema. Ndipo akaniambia taratibu: "Mjukuu wangu, unataka waseme nini?" Anayetoka kwetu ameshaelewa. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao ni macho mekundu, ambayo miaka hamsini ya moshi wa kupikia mavi ya ng'ombe ingempa yeyote. Mwanamke mzee anayejua mizizi, sauti yake ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kijiji, hiyo siyo historia tena, ni hatari.

Kwa hiyo kuna vitu navihifadhi na sivitoi. Kila mzee namuuliza mara mbili, mwanzo na mwisho, nani asikie na nani asisikie, kwa sababu mwisho ndipo anapojua amesema nini. Majina ya walioshtakiana, mipaka ya ngitili inayogombewa hadi leo, habari za nani aliiba ng'ombe wa nani: hayo yanakaa kwenye flashi. Binamu wakiniomba niwatumie "zile stori za bibi", nawatumia ile ya fisi.

Ukifikisha saa nyingi za kutosha, fikiria pa kuziweka nje ya familia. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, ni mahali pa kwanza ninapofikiria. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila za Wasukuma enzi za ukoloni, na ni chuo hicho hicho ambacho mwaka 1968 kilituma wanafunzi kwenda kuwasikiliza wazee walioishuhudia Maji Maji. Vita ile ilikuwa imepita miaka sitini. Wangengoja mingine kumi, wangewakuta wangapi?

Mbinu ya mwisho sikuifikiria mimi. Babu alisikia kwamba nimemrekodi pia rafiki yake wa ng'ambo ya mto, akataka kusikia. Nikaomba ruhusa ya mwenyewe, nikamwekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anatabasamu, mpaka mwenzake alipofika kwenye mnada fulani na dume jeusi alilouza kwa bei ambayo haijawahi kusikika. Babu akanyoosha fimbo kuielekea simu.

"Zima hiyo," akasema. "Zima, halafu uwashe ile ya kurekodi. Lile dume lilikuwa langu."