Rafiki yangu haongoki, je nimeshindwa kazi ya Mungu?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Niko idara ya uinjilisti, kila mwezi tunaandika ripoti wameokoka wangapi. Nina rafiki wa dini nyingine nimemshuhudia muda mrefu, anasikiliza vizuri tu ila habadiliki. Nimeshindwa? Na kama anayeongoa ni Mungu, misheni ya nini sasa?

JIBU: Amina mpendwa. Hujashindwa, manake hiyo kazi unayojilaumu nayo hukupewa wewe. Paulo anasema yeye alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu (1 Kor 3:6). Kanisa likijisahau hapo linaumiza watu, karne ya 8 Charlemagne, mfalme wa Wafranki huko Ulaya, aliwabatiza Wasaksoni, kabila la Ujerumani ya leo, kwa upanga, mpaka Alcuin, mwanazuoni wake mwenyewe, akampinga kwamba imani hailazimishwi.

Misheni ya nini? Soma Matendo 10 taratibu. Kornelio, akida wa Kirumi pale Kaisaria, katokewa na malaika kabisa, lakini malaika hamhubirii hata kidogo, anamwambia tuma watu Yafa wakamwite Petro, yuko kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko pwani. Anuani yote anampa ila injili anamwachia Petro! Mungu angeweza kumalizana naye palepale lakini kapenda kupitia mdomo wa mtu, na mtu mwenyewe hata hajawa tayari, yuko darini anaomba, anaona nguo imejaa wanyama, wakiwemo ambao Wayahudi huwaona najisi, anaambiwa chinja ule, anakataa, na hilo linarudiwa mara tatu. Yani kabla Kornelio hajabatizwa Petro kageuzwa kwanza, na hapa ndo natamani sana watu wa uinjilisti tupaone, manake tunaenda tukidhani wa kubadilika ni yule tu. Halafu hata mahubiri hakumaliza, Roho akashuka bado anaongea. Petro akaombwa abaki siku kadhaa, na aliporudi Yerusalemu wenzake wakamlaumu kwa nini amekula na wasiotahiriwa (Mdo 11:3).

Baadaye mitume wakakubaliana watu wa mataifa, yani wasio Wayahudi, wasilazimishwe tohara (Mdo 15), kwa hiyo kuongoka ni kumgeukia Mungu, sio kuhamia mila za aliyekuhubiria.

Ripoti andikeni, sio dhambi, ila Yesu alituma tukafanye wanafunzi (Mt 28:19) na mwanafunzi hapatikani kwa mwezi. Huyo rafiki yako endelea kula naye, msikilize na yeye anaamini nini, mwombee kwa jina, na akikuuliza habari za tumaini lako mjibu kwa upole kama 1 Petro 3:15 inavyosema. Asipookoka bado ni rafiki yako, usimkimbie.