Jibu: Flask inatosha kwa mfumo mdogo wa bei za dagaa

Ndugu, umeuliza kama Flask, zana ndogo ya lugha ya Python ya kutengenezea tovuti, inatosha kwa mfumo mdogo utakaowawezesha wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kuona bei za siku kwenye simu, au ni lazima uanze na Django, zana kubwa zaidi ya aina hiyo. Kwa maoni yangu inatosha kabisa, na itakufundisha mengi, kwa kuwa haikufichi kinachotendeka kati ya ombi la kivinjari na jibu la seva.

Tengeneza kwanza mazingira ya pekee ya mradi kwa venv, zana inayokuja na Python, kisha usakinishe Flask kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python. Faili la kwanza halizidi mistari sita: unaunda programu, unaandika njia (sehemu ya anwani ya ukurasa) kama /bei/dagaa, na chini yake fanksheni inayorudisha maandishi. Ukiendesha amri ya flask run, fungua 127.0.0.1:5000 kwenye kivinjari.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu anwani hiyo humaanisha kifaa chenyewe, hivyo simu haiwezi kuifikia kompyuta yako. Ongeza --host=0.0.0.0 kwenye amri hiyo ili seva ipokee maombi kutoka vifaa vingine, unganisha simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, kisha andika kwenye simu anwani ya kompyuta ikifuatwa na :5000. Nilipoona bei ikitokea kwenye simu ya mama yangu mdogo, anayeuza dagaa, ndipo nilipoelewa seva ni nini.

Bei zihifadhi kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ambayo huja na Python. Nakusihi tu, seva hiyo ya majaribio inayowashwa na flask run usiiweke hewani kwa matumizi ya umma. Kwenye Linux tumia badala yake Gunicorn, seva iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.