Sanduku la 1991, masikio ya kijani na gari la waya: nawajibu kabla ya mkutano wetu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana tena hapa Lubumbashi, sisi tunaokusanya sanamu za kuchezea za zamani, zile ambazo wengi mjini wanaziita figurini. Safari hii tumepata ukumbi mpana zaidi, upande wa Bel-Air, na meza zote zimeshapata wenyewe. Maswali yenu yamekuwa mengi. Nimechukua yale ambayo jibu lake litamfaa zaidi ya mtu mmoja.

Sijawahi kuja. Pesa ninayo kidogo, na sijui hata niangalie nini. Nianzie wapi? (Kijana wa Ruashi)

Mdogo wangu, ukiingia zunguka ukumbi wote mikono ikiwa nyuma. Mzunguko wa kwanza ni wa macho, wa pili wa maswali, na pesa itoke mfukoni kwenye wa tatu. Wengi wanaojuta ni wale walionunua kwenye meza ya kwanza, kisha wakakuta kitu kile kile meza ya tano kwa nusu ya bei.

Ukitaka kushika kitu, omba kwanza. Ukiruhusiwa, kishike kwa mikono miwili, juu ya meza, na usikunje viungo. Wale askari wadogo wa G.I. Joe waliotoka 1982, wenye urefu wa sentimita tisa na nusu hivi, kidole gumba chao hukatika kirahisi mno, hasa mtu anapowarudishia bunduki mkononi. Mwaka jana niliona kimoja kikikatika. Mgeni alitaka tu kuona bunduki inavyokaa. Mwenye meza hakusema neno. Alikiokota kidole kile, kidogo kama punje ya mchele, akakikunja ndani ya kipande cha karatasi na kukitia mfukoni. Mgeni naye alibaki amesimama pale, hajui aseme nini. Nisingependa yakukute.

Dola zako ziwe safi. Unajua noti yenye mchaniko wa ukucha inavyorudishwa dukani. Kwetu nako ni hivyo hivyo. Beba na faranga za chai na vitumbua. Ukipatana bei, "Ya mwisho ni ngapi?" inatosha. Usikiponde kitu cha mtu ili akushushie.

Nilifanya kazi ya nyumbani kwa familia ya Kibelgiji, baba yao alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi. Walipoondoka 1991 waliniachia sanduku la michezo ya mtoto wao. Ndani yumo mwanamume wa plastiki mwenye kitufe mgongoni, na watu wadogo wengi ambao nywele zao zinavuka kama kofia. Vina thamani? Na ni halali yangu kuviuza? (Mzee wa Kampemba)

Mzee wangu, naanza na la mwisho. Ulichopewa mkononi na mwenyewe ni chako. Umekitunza zaidi ya miaka thelathini. Hakuna wa kukuuliza.

Huyo mwenye kitufe, kwa unavyomweleza, ni Big Jim wa kampuni ya Mattel, aliyeanza kuuzwa 1972. Bonyeza kitufe hicho, mkono wa kulia utashuka kwa nguvu kama mtu wa karate. Kunja mkono, utaona msuli unavimba. Marekani waliacha kumuuza baada ya miaka michache, lakini Ulaya aliendelea hadi miaka ya 1980, na hilo linaeleza kwa nini alifika kwenye masanduku ya watoto waliotoka Ubelgiji. Wale wadogo ni Playmobil, kazi ya Mjerumani Hans Beck, waliotoka 1974. Hao walitengenezwa wengi mno, kwa hiyo mmoja mmoja hawana bei kubwa. Big Jim bei yake inategemea viatu, nguo na vifaa vyake. Basi likung'ute sanduku juu ya shuka jeupe, upekue na kwenye pembe za bitana. Kiatu kimoja cha plastiki unachoweza kukidhani ni takataka kinaweza kuwa ndicho mtu anachokitafuta.

Sasa nakuomba jambo moja, na naliomba kwa moyo wote. Kabla hujauza hata kimoja, muite mjukuu wako na daftari. Aandike familia ile ilifika mwaka gani, nyumba ilikuwa avenyu ipi, mtoto alikuwa na umri gani, alimchezea wapi huyo Big Jim, barazani au chini ya mwembe. Aandike na siku ya kuondoka. Mwaka ule wa uporaji wageni waliondoka mbio, na wewe ulikuwa pale, uliona mtoto akiaga na alichokiacha. Mkusanyaji wa Ulaya anaweza kumpata Big Jim wa namna hiyo hiyo akitafuta wiki moja. Siku ile hataipata popote ila kwako. Sanamu ikitoka bila karatasi hiyo, inakuwa plastiki isiyo na kwao. Nimeshaona masanduku matatu yakivuka mpaka wa Kasumbalesa hivyo hivyo, bila hata jina la mtaa, na hadi leo yananiuma.

Njoo hata kama huuzi. Kiti chako kitakuwepo, karibu na mlango, usichoke kutembea.

Nina Barbie ya dada yangu mkubwa, ya zamani sana. Masikio yake yamekuwa kijani. Nimeyasugua kwa dawa ya meno, haitoki. Ni ukungu? (Mama wa Kamalondo)

Hapana mama, ni shaba. Sisi wa mji huu, tuliolelewa tukilitazama bomba la moshi la kiwanda cha shaba, ndio tungepaswa kuijua rangi hiyo kwa haraka kuliko watu wote.

Barbie alitoka 1959, na wale wa miaka ya mwanzo walivaa vihereni vyenye shaba ndani. Shaba hiyo, ikikaa miaka na unyevu pamoja na yale mafuta yanayoifanya plastiki iwe laini, huliwa kidogo kidogo na kugeuka kijani. Ni ukoo mmoja na kijani cha malakiti unachokiona kwenye shanga na visanduku wanavyouza mjini. Malakiti nayo ni shaba iliyogeuka. Tatizo ni kwamba kijani hicho hakikai juu. Kimezama ndani ya plastiki, na dawa ya meno haikifuati huko, inakwaruza ngozi tu. Acha leo.

Vitoe vihereni polepole kabla havijazidi kuharibu. Wako wanaopaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksidi, wakaiacha siku kadhaa ikirudiwa. Huwa inapunguza kijani, lakini inaweza kuufanya upande wa uso upauke, na kijani nacho hurudi. Mimi ninaye mmoja wa namna hiyo, nimemwacha alivyo, nikamshushia nywele masikioni. Mtu akimtazama kwa karibu anauliza, nami nafurahi kumweleza habari ya shaba.

Roboti yangu nyeupe imekuwa njano. Niichovye kwenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo? (Msomaji wa Katuba)

Usithubutu! Javeli itaharibu rangi na itakula skrubu na springi. Unjano huo umeletwa na mwanga wa jua na joto. Iondoe dirishani, na kama inakaa juu ya kabati chini ya mabati bila dari, ishushe leo hii. Wapo wanaorudisha weupe kwa peroksidi ya hidrojeni na mwanga, ila mara nyingi inatoka mabaka, na baada ya muda unjano unarudi. Vumbi jekundu la kiangazi litoe kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni na mswaki laini wa mtoto, lakini kama ina karatasi za kubandika au chuma ndani tumia kitambaa kikavu. Masika yakija, tia ndani ya boksi lake vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya.

Askari wangu wa G.I. Joe amekatika kiunoni, vipande viwili. Nimtupe? (Msomaji huyo huyo)

Hapana, hajavunjika. Wale wa 1982 na waliowafuata wanashikwa kiunoni na pete ya mpira, na mpira huzeeka. Fungua skrubu ya mgongoni kwa bisibisi ya fundi saa, utaona ndoano ndogo ya chuma inayoshika miguu. Nenda kwa fundi bomba, mwombe pete nyembamba ya mpira kama ile ya ndani ya robine, ijaribu hadi upate inayovuta bila kukaza sana. Dakika kumi amesimama. Lete mwili wake nikuoneshe.

Mtu ananiuzia sanamu ya Star Wars. Mguuni imeandikwa 1977, anasema ndiyo ya kwanza kabisa. Nimwamini? (Kaka wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Mwaka ulioandikwa mguuni ni wa hakimiliki ya kampuni. Hauelezi siku sanamu ilipotoka kiwandani. Na hili lina historia nzuri. Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner haikuwa na sanamu hata moja ya kuuza, watu hawakutegemea filamu ingependwa vile. Walichouza ni bahasha yenye hati: mtoto anaituma kwa posta, sanamu nne za kwanza anatumiwa mwaka unaofuata, 1978. Wako watoto waliofungua zawadi ya Krismasi wakakuta karatasi, wakasubiri. Kwa hiyo muuzaji wako anaweza kuwa mkweli kuhusu sanamu na bado akawa amekosea kuhusu mwaka.

Tazama zaidi bunduki na vazi, maana huko ndiko udanganyifu uliko. Yule mdogo anayeitwa Jawa, kwa mfano, mwanzoni alitoka na joho la plastiki, kisha wakambadilishia la kitambaa. Wa plastiki ni adimu na ghali sana, na kinachomtofautisha na mwenzake ni kipande hicho tu. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini watu wanakikata nyumbani. Usimlipe leo. Mwambie aje nayo Jumamosi, tuitazame watu watatu au wanne. Asiyetaka kitu chake kitazamwe na wengine, mwache aende nacho.

Natengeneza magari ya waya. Mara iliyopita niliambiwa mlangoni kwamba hapa si mahali pake. Nije au nisije? (Fundi wa Katuba)

Njoo. Na kabla ya hilo, pokea samahani yetu. Aliyekurudisha alikosea, na sisi tuliompanga mlangoni bila kumweleza tulikosea zaidi.

Nilipata habari kwamba ulikuwa na lori. Nimeliona baadaye kwa jirani yako: lori la kubeba shaba, kama yale yanayopanga foleni kwenda mpakani, waya umekunjwa mara mbili ili usipinde, magurudumu yamekatwa kwenye soli ya kandambili, taa ni vizibo vya soda, na usukani mrefu unaofika kiunoni kwa mtoto ili aongoze akiwa amesimama. Ukigeuza usukani, matairi ya mbele yanageuka. Matairi mawili tu, kwa fimbo moja, bila gundi hata tone. Nililisukuma mwenyewe uani hadi jirani akacheka.

Sanamu zote nilizozitaja hapo juu zilimwagwa na mashine, zikafanana. Lori lako ni moja. Watu wazima wengi watakaoingia ukumbini Jumamosi walianza kucheza na gari la waya kabla hawajaona sanamu yoyote ya plastiki, na mimi ni mmoja wao. Kama tunakusanya michezo ya utoto na gari hilo halimo, basi tunakusanya utoto wa watu wengine.

Meza ya sita ni yako, hulipi kitu. Nakuomba mawili: funga chini ya kila gari kipande cha bati chenye jina lako, mtaa na mwaka, na bei yako ihesabu saa ulizokaa, si waya peke yake. Atakayekuambia "ni waya tu", mpe koleo ajaribu.

Nifanye mpango wa kwenda kwenye maonyesho makubwa ya nje? (Msomaji wa mtaa wa Golf)

Kama safari ni kwa ajili hiyo tu, subiri kwanza. Johannesburg kuna Comic Con Africa, maonyesho ya wapenzi wa katuni na filamu, tangu 2018, na mji wa Ghent, Ubelgiji, una FACTS, ambayo michezo ya kuchezea imo hata ndani ya jina lake: ile T ni ya "toys". Ni kubwa, ni nzuri, lakini viza, tiketi na hoteli vitakula pesa ambayo hapa ingekupa kabati zima. Ila ukiwa unakwenda Brussels kuona ndugu, amka mapema siku moja uende Place du Jeu de Balle. Soko la vitu vya zamani liko pale kila siku, na masanduku yanamwagwa chini kwenye mawe. Ukirudi, silaha za sanamu zitie kwenye mzigo mkubwa, usije ukabishana uwanja wa ndege kwa ajili ya bunduki ya sentimita tatu.

Naweza kuja na watoto? (Mama wa Kampemba)

Ndiyo, mama, waje. Tutatandika mkeka wenye sanamu zilizokwisha vunjika, wachezee wanavyotaka. Milango itafunguliwa saa tatu asubuhi. Jenereta ipo umeme ukikatika, lakini kila mtu aje na simu yenye tochi; maandishi ya mguuni ni madogo sana.