Je, Binti Yangu Ni Mzito wa Kujifunza Piano?

Mama mpendwa wa Isevya, Tabora,

Nimeisoma barua yako kwa makini. Unaeleza kwamba binti yako mwenye umri wa miaka 8 ametimiza miezi 14 akijifunza piano kwa mwalimu anayefundisha parokiani nusu saa kila Jumamosi, kwamba bado yuko kwenye kitabu cha kwanza, na kwamba mtoto wa jirani aliyeanza naye siku moja sasa anapiga nyimbo za Misa kwa mikono miwili. Mume wako anaona ada inapotea, nawe unauliza kama mtoto ni mzito na kama mumwachishe.

Kwa hayo uliyoniandikia, dada yangu, sioni ushahidi wowote kwamba mtoto ni mzito, na ninakusihi msimwachishe kwa sasa. Karibu na mwisho wa barua umetaja kwa kupita tu kwamba nyumbani hamna kinanda, na kwangu mimi hilo ndilo jambo lenyewe. Nusu saa kwa wiki kwa miezi 14, hata kama hakukosa Jumamosi moja, ni takribani saa 30. Mtoto anayefanya mazoezi dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, hufikisha kiasi cha saa 100 katika muda huohuo, mbali na vipindi vya mwalimu. Huyo wa jirani, ambaye unasema baba yake ni mpiga kinanda wa kwaya, ana chombo sebuleni, kwa hiyo walianza siku moja lakini hawajafanya kazi sawa.

Tena huenda hawajifunzi kitu kimoja. Wapiga vinanda wengi wa kwaya zetu hujifunza kwa sikio au kwa solfa, yaani do, re, mi: hushika sauti ya wimbo kwa mkono wa kulia, huweka kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, na wimbo ukiwa juu mno kwa waimbaji hubonyeza kitufe cha kubadilisha kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo mzima. Huo ni ustadi wa kweli na ninauheshimu sana. Binti yako, kama ulivyoeleza, anafundishwa kusoma noti kwenye mistari mitano, ambako mstari wa katikati ni noti ya B kwa mkono wa kulia wenye ufunguo wa G (ufunguo ni alama ya mwanzoni mwa mistari), lakini ni D kwa mkono wa kushoto wenye ufunguo wa F, na yote mawili lazima ayaone kwa wakati mmoja huku vidole vikitii. Njia hiyo huchelewa kuonyesha matunda mbele za watu, nawe usiipime kwa idadi ya nyimbo wala kurasa.

Mpime hivi. Jumamosi ijayo omba ukae kando, unyamaze, umwangalie anapokosea. Je, anarudi mwanzo wa wimbo kila mara, au anasimama palepale, anapiga mkono wa kushoto peke yake, kisha anaunganisha? Akipiga skeli ya C, yaani ngazi ya noti kuanzia C hadi C ya juu, kwa mkono wa kulia, kidole gumba kinapita chini ya kidole cha kati kwa ulaini baada ya noti ya tatu, au kiwiko kinainuka na mdundo unakatika? Na akipewa wimbo mfupi asiowahi kuusikia, anaweza kuupata mwenyewe, hata kwa kujikongoja? Mtoto anayejisahihisha na kufungua wimbo mpya bila kushikwa mkono anaendelea vizuri, hata kama kitabu ni kilekile.

Kuhusu mitihani uliyoitaja, bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889, ina madaraja 8, lakini haikupanga kwamba mtoto wa umri fulani awe daraja fulani. Mwanafunzi huingia akiwa tayari, na wengi hupiga piano vizuri bila kuufanya mtihani hata mmoja.

Sasa mweleze mume wako kwamba ada haitazaa kitu bila mazoezi. Mwombeni paroko ruhusa ya mtoto kutumia kinanda cha kanisa jioni mbili au tatu za katikati ya wiki, saa ambazo kwaya haifanyi mazoezi. Mkijaliwa kununua, kinanda cha vibonyezo 61 kinatosha kwa hatua hii, ingawa piano kamili ina 88, ila hakikisheni sauti inakua na kupungua kufuatana na nguvu ya kidole, kwa sababu bila hivyo hatajifunza kupiga kwa upole. Mrekodi kwa simu leo, na umrekodi tena wimbo uleule baada ya miezi mitatu.

Neno moja nalisema kwa uzito. Umeandika kwamba humuuliza, “Mwenzako yuko wapi na wewe uko wapi?” Acha kabisa, mama. Mtoto anayesikia hivyo kila wiki huanza kuogopa kukosea, na anayeogopa kukosea hathubutu kugusa wimbo mpya.

Ikiwa atapata mazoezi ya kutosha kwa miezi hiyo mitatu na makosa yakabaki yaleyale, au akianza kulalamika maumivu ya kifundo cha mkono, zungumza na mwalimu kuhusu kubadili kitabu au namna ya ufundishaji. Na ikiwa mwenyewe atasema hataki tena, msikilize, kisha uniandikie ukinieleza anachokisema.