Friza ya mtumba: ikute imezimwa

SWALI: Asalaam aleikum. Nataka kununua friza ya mtumba mjini Unguja, nije nayo Wete nigandishe malai na barafu za kuuza. Kila muuzaji anasema "nzima hiyo". Nitahakikishaje?
Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam. Mwambie muuzaji tangu jana yake aiache imezimwa. Ukifika gusa kompresa, lile pipa jeusi la chini nyuma, iwe baridi. Friza unayoikuta tayari inanguruma imeshakuficha jambo kubwa: jinsi inavyoanza.

Kabla ya kuchomeka soma kibandiko chake. Umeme wetu ni volti (V) 230, hezi (Hz) 50. Ikiandikwa volti 220–240 na hezi 50, endelea. Za volti 100 kutoka Japani na za volti 115, hezi 60 kutoka Marekani ziache, hata ukipewa na transfoma juu yake. Transfoma hushusha volti tu, hezi haibadilishi, na mota ya hezi 60 ikipewa 50 hupata moto. Ikiandikwa gesi R12, iache pia. Gesi hiyo iliondolewa sokoni kwa kuharibu ozoni, na ikivuja hupati ya kujazia.

Sasa iwashwe, nawe usiondoke. Friza nyingi za kulala zimefichwa mabomba ya kutoa joto nyuma ya bati la ubavuni, kwa hiyo baada ya dakika 20 ubavu uwe na joto. Baada ya saa moja hivi, kuta za ndani zipige baridi pande zote. Kona moja ikiganda na nyengine zikabaki kavu, mara nyingi gesi imepungua, maana yake pana tundu. Usikubali "tutakujazia gesi". Bila ya kuzibwa tundu itatoka tena. Na hapa ndipo visiwani tunapoumia zaidi: hewa ya chumvi hula mabomba yaliyofichwa, na kuyafikia ni kukata bati na kuchimba povu. Bati la chini likiwa limevimba kutu, tafuta nyengine.

Ikishapoa, izime, subiri dakika 5, iwashe tena. Ikinguruma kidogo ikakata kwa "tak", huenda ni rilei, kile kidude kinachoisukuma kompresa ianze, ambayo ni rahisi, au kompresa, ambayo ni ghali. Fundi wako apime kabla hujalipa.

Fungia noti kwenye mfuniko uivute: mpira uibane sawasawa kila upande.

Melini isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta hutoka kwenye kompresa. Ikifika Wete isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha. Nunua na kifaa cha kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5 ukirudi baada ya kukatika.

SWALI: Mtungi wangu wa gesi wa kilo 15 mara nyengine huisha mapema. Nitajuaje kama nimepunjwa?
Msomaji, Fuoni

JIBU: Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, karibu na mkono. Ongeza 15. Ukisoma 14.6, mizani isome 29.6. Upimwe dukani, mbele yako. Lakiri peke yake haitoshi. Nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga mtungi, usiwashe kiberiti, uangalie raba ya ndani kama imepasuka.