Kipimajoto cha dijitali kwenye magnetomita ya kujitengenezea

Magnetomita (kifaa cha kupima uga wa sumaku) ya flaksigeti, yaani yenye kihisi cha koili iliyozungushiwa kiini cha sumaku, isipokuwa na kipimajoto hupima vitu viwili kwa mpigo: uga wa sumaku wa dunia na joto la boksi lake. Mstari wa grafu ukipanda saa 6 mchana, huwezi kujua kama jua limetikisa ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, au limepasha moto boksi tu.

DS18B20, kipimajoto kidogo cha dijitali chenye miguu mitatu, inatosha. Kosa lake la hadi nyuzi 0.5 halidhuru, kwani tunachofuata ni mabadiliko, na kwa biti 12, mpangilio wake wa kina zaidi, inasoma hatua za nyuzi 0.0625. Ukiutazama upande wake bapa, miguu ikiwa chini, wa kushoto ni hasi, wa kati data, wa kulia chanya. Rezista ya kiloomu 4.7 iunge data na chanya. Ukigeuza miguu, kitachemka mara moja. Kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayokisoma, ukiona 85 umesoma kabla kipimo hakijakamilika, maana biti 12 huchukua milisekunde 750. Ukiona -127, kagua waya na rezista.

Balaa lenyewe ni kwamba kipimajoto nacho kina sumaku yake. Kikipima kinavuta takriban miliampia 1, na waya mmoja wenye mkondo huo, ukiwa sentimita 1 kutoka kwenye flaksigeti, unatoa uga wa nanotesla 20 (nanotesla ni kizio cha uga wa sumaku). Kwa hiyo sokota waya wa chanya na wa hasi pamoja, kisha upange zamu katika programu: joto lipimwe kwanza, subiri sekunde 1, ndipo usome uga. Mara moja kwa dakika yatosha. Kikipimishwa mfululizo kinajipasha moto. Kabla ya kukifunga, kisogeze karibu na flaksigeti bila umeme. Namba zikicheza, miguu au ganda lake lina chuma, tafuta kingine. Kondensa za kauri zipimwe vivyo hivyo, nyingi zina nikeli.

Kipimajoto kikae sentimita 3 hivi kutoka kwenye flaksigeti, si kwenye ubao wa saketi. Ubao nao huyumba kwa joto, lakini unaweza kuuwekea DS18B20 ya pili kwenye waya uleule wa data, kwa kuwa kila moja ina namba yake ya biti 64.

Kusahihisha, yaani kuondoa athari ya joto kwenye namba za uga, ndiko wengi wanakoharibu. Wanalinganisha joto na uga kwa data za mchana, saa ambazo mikondo ya ionosfia inaubadilisha uga kwelikweli, hasa kwa walio karibu na ikweta ya sumaku, kama Ethiopia. Hapo unafuta uga ukidhani unafuta joto. Subiri usiku ambao Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, ni 0 au 1. Saa 4 weka ndani ya boksi chupa ya plastiki ya lita 1 yenye maji ya moto, funga, uache vipoe hadi alfajiri. Chora uga dhidi ya joto. Mteremko ukiwa nanotesla 3 kwa nyuzi, na siku nyingine boksi limepanda kutoka nyuzi 24 hadi 31, toa nanotesla 21 kwenye uga.

Nukta zikichora kitanzi badala ya mstari, kipimajoto na flaksigeti havipoi kwa kasi moja. Sogeza safu ya joto mbele au nyuma dakika chache chache mpaka kitanzi kibanane kiwe mstari. Kisipobanana, fukia boksi nusu mita ardhini, ambako joto la mchana hufika kwa shida.