Kukusanya vitabu vya kale vya mvinyo: ni sawa na kuweka pombe nyumbani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Uingereza. Nakusanya vitabu vya picha vya enzi ya Malkia Victoria, na vingi vinahusu mvinyo. Ninachokithamini zaidi ni cha Henry Vizetelly, historia ya shampeni, cha mwaka 1882. Pombe sijawahi kuionja. Shemeji yangu anasema kuviweka ndani ni sawa na kuweka chupa. Ni kweli? Na nikiviuza, pesa yake ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Shemeji yako ana ghera ya dini, ashukuriwe, ila hapa kapitiliza. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas imetaja watu kumi waliolaaniwa kwa pombe, tangu mkamuaji hadi mbebaji, mnyweshaji, muuzaji na mla thamani yake. Wote hao wanashughulika na kinywaji chenyewe. Anayesoma habari zake hayumo. Imam Ahmad na Ibn Qutayba kila mmoja ana Kitab al-Ashriba, yaani kitabu kuhusu vinywaji, na qasida ya Amr bin Kulthum, mshairi wa zama za Jahiliyya, inayoanza kwa kuitisha mvinyo wa asubuhi, wanazuoni wameihifadhi na kuisherehesha kwa ajili ya Kiarabu chake.

Huyo Vizetelly alijifunza ujanani kuchonga vibao vya kuchapia picha, ndiyo maana kitabu chake kimejaa michoro: wavunaji wa zabibu, mahandaki ya Reims, mji wa shampeni huko Ufaransa, mafundi wakitikisa chupa zilizoinamishwa ili mashapo yashuke shingoni. Hizo ni habari za kilimo na ufundi, kuzijua si dhambi. Lakini mwandishi alikuwa mpenzi wa kinywaji hicho na anakisifu, basi kisome ukilijua hilo.

Ninapokaza ni kwenye pambo. Picha za viumbe zina khilafu ndefu. Zikiwa ndani ya kitabu kilichofungwa, jambo ni jepesi. Kukiacha wazi sebuleni penye picha ya watu wameinua bilauri, au kununua kurasa zilizokatwa na wauzaji ukazitia fremu ukutani, hapana. Watoto wataona baba anatukuza nini?

Kuuza kunajuzu, manfaa yake ni elimu na historia. Mashafi'i wameharamisha kumuuzia zabibu mtu unayejua atazifanya mvinyo. Kitabu hakifiki huko, lakini akija mwenye baa anayetaka kupambia kaunta yake, mimi nisingemuuzia. Vitabu vya kusoma na kuhifadhi havina zaka. Ulivyonunua kwa nia ya biashara vina zaka: ukitimia mwaka vithamini kwa bei ya siku hiyo, na thamani ikifika nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) utoe asilimia 2.5.

Hukuuliza kuhusu minada, nami naiona ndiyo hatari zaidi. Baadhi yake hupitisha glasi za mvinyo kwa wageni, na Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Bei yako itume kwa simu au intaneti, na kitabu kikufuate nyumbani kwa posta.

Wallahu a'lam.